Chuma Katika Paja la Shemeji

27 Desemba 1954

Daftari hili nimepewa na Sista kwa Krismasi, pamoja na penseli. "Ezekieli, uandike kazi zako," alisema. Kazi zangu kila mtu hapa hospitali ya misheni anazijua. Mimi ndiye dresa wa chumba cha upasuaji. Nachemsha visu, nachemsha mikasi, nachemsha nguo, na lau ningeweza ningewachemsha na wagonjwa wenyewe kabla hawajapita mlangoni kwangu. Mwaka wa saba huu. Wenzangu wananiita Bwana Sabuni. Waniite tu.

Leo ameletwa shemeji yangu Alute, kaka wa mke wangu Lea, kwa lori la mwenye duka kutoka Ilongero. Fahali alimbana kwenye nguzo ya zizi, paja likavunjika. Ngozi haikuchubuka hata kidogo, lakini mguu umegeukia nje. Daktari ameufunga uzito ili mfupa uvutike urudi mahali pake. Lea analia. Nimemwambia mfupa huunga, hata wa mbuzi huunga.

30 Desemba

Mvua. Kuni zote zimelowa. Nimegombana na Yohana mchochea moto.

5 Januari 1955

Mfupa umekataa. Daktari ameangalia picha akatikisa kichwa, vipande viwili vimepishana. Atalifungua paja, atalaza kipande cha chuma juu ya mfupa na kukikaza kwa skrubu sita, kisha atashona. Chuma kitakaa humo humo. Kazi ya namna hii haijawahi kufanyika hapa kwetu. Chuma chenyewe kipo kimoja tu kabatini.

Aliniita mbele ya wote. "Ezekieli, sikiliza. Uchafu ukiingia kwenye nyama, damu hupigana nao. Chuma hakina damu. Uchafu ukikaa juu ya chuma, mwili hauwezi kuufikia. Kwa hiyo uhai wa huyu mtu uko kwenye sufuria lako."

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana Daktari." Nilitembea kifua mbele mpaka jioni.

9 Januari

Mama mkwe amefika kumuuguza mwanawe. Amekaa kwenye vibanda vya wauguzaji, maana kwangu hawezi kulala wala kuonja chakula. Mkwe ni mkwe. Mimi simtazami usoni, yeye hanitazami, na tukikutana njiani mmoja wetu sharti aingie majanini. Leo nimeingia majanini mara tatu, viatu vyangu vya kazi vimejaa tope. Lea anacheka mpaka anashika mbavu. Afadhali amecheka.

12 Januari

Operesheni imekwisha. Alute yuko wodini, anapumua vizuri. Daktari amenishika bega akasema kazi safi. Sasa niandike lile lililotokea kabla yake, maana linanisumbua, na pengine nikishaliandika nitaona ni dogo.

Chuma nilikichemsha tangu alfajiri. Kuni mbichi, moshi tele, Yohana anapuliza mpaka macho mekundu, lakini maji yalichemka. Nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Nikakitoa kwa koleo, nikakilaza bakulini, nikakifunika kwa kitambaa kilichochemshwa. Chumba cha pili Alute alishaanza kunusishwa dawa ya usingizi. Ndipo nikasikia sauti kwenye dirisha la nyuma, kule tunakomwaga maji machafu.

"Mkwe wangu, upo?"

Nikageuka upesi, nikalipa dirisha mgongo. "Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usiogope, na mimi nimekupa mgongo. Hicho chuma nasikia kitakaa ndani ya mtoto wangu mpaka azeeke. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kimetoka wapi?"

"Ulaya, mama."

"Basi hakiujui ukoo wetu. Hata ng'ombe wa kununua, kabla hajalala zizini, tunampaka mafuta na kumtajia wenye zizi ni nani. Itakuwa kitu kinachokwenda kulala ndani ya mfupa? Nipe nikishike kidogo tu. Nitakurudishia."

Angekuwa mwingine ningemfukuza. Mwaka jana nilimfukuza mwinjilisti aliyetaka kuingia na viatu vyake kuombea mgonjwa. Lakini mkwe! Miaka sita nimemwoa bintiye hajawahi kuniomba hata chumvi. Kumkatalia mkwe ombi lake la kwanza ni kumvua nguo hadharani. Nikakifunga chuma katika kitambaa kile, nikaunyoosha mkono nyuma yangu hadi dirishani, bila kugeuka. Kikapokelewa. Nikamsikia ananong'ona Kinyaturu, anataja majina ya wazee wao mmoja mmoja. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya kondoo. Ningegeuka ningeona anafanya nini. Sikugeuka. Mtu hamgeukii mkwe.

Kiliporudi mkononi mwangu kilikuwa kinateleza.

"Ezekieli! Chuma!" Daktari aliita. Paja lilikuwa limeshafunguliwa.

Kuchemsha upya kwa kuni zile ni saa nzima. Na ningemwambia nini? Kwamba Bwana Sabuni ametoa chuma dirishani? Nikakisugua kwa spiriti mara tatu, nikakimwagia maji ya moto ya birika, nikakipeleka. Kiling'aa vilevile. Akakipokea, akakikaza.

Ni mafuta tu. Hata watoto wachanga hupakwa. Spiriti huua kila kitu.

13 Januari

Alute amekunywa uji. Hana homa.

14 Januari

Hana homa. Nimeimba kazini.

15 Januari

Joto limepanda kidogo. Daktari anasema ni kawaida baada ya kukatwa. Ni kawaida.

16 Januari

Homa. Alute anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nimelishika paja lake juu ya bandeji, ni moto. Alifungua macho akaniona. "Shemeji," akasema, "nimefurahi ni wewe uliyechemsha vyombo. Angekuwa mtu mwingine ningeogopa."



17 Januari

Usaha. Nimefungua bandeji asubuhi, ukatoka katikati ya nyuzi, wa kijani, na harufu ambayo pua yangu inaijua. Daktari ameagiza penisilini kila baada ya saa nne.

18 Januari

Daktari alinisimamisha barazani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ngozi ya huyu mtu ilikuwa nzima. Uchafu umeingia siku ile, kwa mikono yangu au kwa vyombo vyako. Chuma kilichemka?"

"Nusu saa, Bwana Daktari. Nilitazama saa."

"Vizuri. Maana nikikitoa sasa, mfupa utaachana na tutaanza upya. Kama chuma ni safi, nakiacha na sindano zitashinda. Kama ni kichafu, sindano zote hizi ni kumwaga maji mchangani, na kila siku tunayongoja tunaula mguu wake. Baada ya mguu, yeye mwenyewe. Ndiyo maana nakuuliza tena. Kilichemka?"

"Kilichemka."

Neno lenyewe si uongo. Kilichemka. Nimejirudia hilo njia nzima mpaka nyumbani, na nimekula matonge mawili tu.

19 Januari

Mvua. Usaha zaidi.

20 Januari

Leo wameamua kosa ni la moto. Daktari amesema maji hayakuwa yanatokota, kuni zilikuwa mbichi, Yohana alizembea. Yohana ana miaka mingi hapa kuliko mimi. Alisimama amevua kofia. "Bwana Daktari, maji yalichemka. Niliyasikia kwa masikio yangu. Muulize Ezekieli, alikuwepo."

Wote wakanigeukia.

"Kuni zilikuwa mbichi," nikasema.

Hilo nalo ni kweli. Ee Mungu wangu, hilo nalo ni kweli. Yohana alinitazama, si kwa chuki, kwa mshangao tu, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Akavaa kofia, akachukua panga lake la kuni, akaenda kwao, amefukuzwa kazi.

Sikuweza kumfuata. Nimekuwa mtu gani?

21 Januari

Ni lazima niandike yote, hata kama sijui nitaandikaje.

Lea alirudi kutoka wodini. Nikamuuliza hali. Akasema Alute amepungua, mashavu yameingia ndani, lakini mama hana wasiwasi. "Anasema homa ni chuma kinapatana na wazee. Anasema udongo wa kaburi la babu haujawahi kushindwa."

Nikasimama. "Udongo gani?"

"Ule aliochanganya na mafuta. Alikuja nao kutoka nyumbani kwenye kibuyu kidogo. Si ulimpa chuma akipake? Nilidhani unajua."

Sikujua. Mimi na pua yangu na macho yangu yanayoona vumbi kwenye ncha ya sindano, sikujua, kwa kuwa nilikuwa nimetazama ukuta. Mafuta tu, nilijiambia. Sasa ni udongo, na kaburi lile liko pembeni ya zizi, nimelala pale siku za posa, ng'ombe hupita juu yake asubuhi na jioni. Udongo wa zizini! Nimeona watu watatu wakifa kwa pepopunda hapa hospitalini. Mmoja alichomwa na mwiba tu. Taya hufunga, mgongo hupinda kama upinde, na akili iko timamu muda wote, anakuona, anakusikia. Na huyu amefungiwa udongo ule ndani, juu ya mfupa, kwa skrubu sita.

Nikamwambia Lea lazima nimwambie Daktari.

Akanishika mkono. "Ukisema, mama atajua ni mkono wake. Atakufa, Ezekieli. Na wewe kazi huna. Tutakula nini?"

"Na nisiposema?"

Aliondoka akaenda kupepeta uwele ambao alikuwa ameshaupepeta.

22 Januari

Nimefika mlangoni kwa Daktari mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili niliogopa.

23 Januari, Jumapili

Nimesema.

Asubuhi nilikwenda wodini kabla ya ibada. Alute hakunijua. Alikuwa anawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, anawaswaga waingie zizini maana mvua inakuja. Mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa. Nikamwomba afungue kinywa. Akakifungua. Nikamwomba tena, akakifungua tena. Nilisimama pale namfungulisha mtu mgonjwa kinywa kama ndege, naangalia kama taya limekaza. Mama mkwe alikuwa amekaa chini upande wa pili wa kitanda, amejifunika khanga usoni kwa ajili yangu.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini maradhi niliyoyaficha hayakuwa yangu, na kifo kilikuwa kinamjia mwingine.

Nilimkuta Daktari anafunga vifungo vya koti la kanisani. Nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni, upesi upesi, kabla ulimi haujabadili nia. Dirisha, mkwe, mafuta, chuma kinachoteleza, spiriti, udongo wa kaburi, zizi. Na Yohana. Nikasema Yohana moto wake ulikuwa mzuri.

Daktari aliketi kitandani na koti lake.

"Ungeniambia ningengoja," alisema. "Ezekieli, ningefunika paja na nguo safi na ningengoja ukichemshe tena. Saa moja. Hata mbili. Ulifikiri ningefanya nini?"

Sikujua nilifikiri nini. Nilifikiri angenicheka.

"Hata ungesema siku ya tatu, siku ya nne, ningekitoa, na mguu ungebaki. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja, Bwana Daktari."

Akainuka, akavua koti. Kanisa hakwenda. Alimdunga Alute dawa ya kuzuia pepopunda mwenyewe, kisha akanitazama. "Chochea moto. Leo uchochee wewe. Halafu ukae nje."

Nilichochea. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulinitoa machozi, nikashukuru kwamba kulikuwa na moshi. Walipokitoa chuma, Sista alikileta nje kwenye bakuli. Chini yake, upande uliolala kwenye mfupa, kulikuwa na weusi. Akaniuliza akitupe. Nikasema akionyeshe kwa Daktari. Akasema Daktari ameshakiona.

24 Januari

Anakifungua kinywa.

25 Januari

Anakifungua.

26 Januari

Anakifungua. Nimeondolewa chumba cha upasuaji. Nafua mashuka. Sijafukuzwa, na wenzangu hawaniiti tena Bwana Sabuni. Hawaniiti chochote.

29 Januari

Nilikwenda kwa Yohana, mwendo wa saa mbili kwenye tope. Nilimkuta anapalilia. Nikamwambia Daktari anamtaka arudi, na kwa nini. Alisikiliza akiegemea jembe.

"Ulisema kuni zilikuwa mbichi," akasema.

"Ndiyo."

"Zilikuwa mbichi kweli." Akaendelea kupalilia. Nami nikarudi.

2 Februari

Taya halijafunga. Daktari anasema pepopunda inaweza kuchelewa, lakini sasa hofu yake ni mguu. Usaha umepanda juu. Mfupa wenyewe umeoza pale chuma kilipokuwa. Alute amebaki macho na mifupa. Sali, Ezekieli. Nasali, lakini naona haya kumwomba Mungu kitu ambacho ningeweza kukifanya mwenyewe tangu siku ya kwanza.

6 Februari

Wameukata, juu kabisa ya paja. Ama mguu ama mtu, Daktari alisema, na Alute mwenyewe alikubali kwa kuinamisha kichwa. Lea alikuwa ameshika mkono wake. Mimi nilikuwa kwenye karo, na shuka walilomlazia limeletwa kwangu kufuliwa. Nimelifua. Nimebadili maji mara tisa.

7 Februari

Yu hai.

9 Februari

Homa imeshuka. Yu hai. Yohana amerudi kazini, moto wake unasikika mpaka huku.

21 Februari

Mvua zimepungua. Mtama umesimama vizuri mwaka huu, hata wa kwangu niliousahau.

Mama mkwe anazunguka vibandani na furaha yake. Leo nimemsikia nikiwa naanika mashuka, yeye upande wa pili wa kamba, hajui nipo. Alikuwa anawaambia wauguzaji wenzake: "Kuna mtu alikatwa tumbo akafa. Kuna mwingine akafa kwa mwiba. Wangu amepona. Wametoa chuma, wametoa mguu, lakini roho wazee waliishika, kwa sababu nilikwisha kuwaambia." Wanawake wakaitikia. Mmoja akamwuliza alifanyaje, naye akaanza kueleza, mafuta kiasi gani, udongo kiasi gani.

Nikaliangusha shuka topeni, nikalifua upya. Jioni nikamweleza Sista, kwamba wauguzaji wote wakaguliwe kabla ya operesheni, na madirisha ya nyuma yafungwe kwa misumari. Hakuniuliza sababu. Nimeyapigilia misumari mwenyewe.

3 Machi

Alute anatembea kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi. Mimi huwa naondoka kabla hajageuka.

12 Machi

Leo wameondoka. Lori la mwenye duka lilikuja saa nne likasimama kwenye lango. Mama mkwe alishatangulia, amekaa mbele karibu na dereva, uso ameuelekeza upande mwingine. Lea alikwenda kuchukua mzigo wa mwisho kibandani. Kwa hiyo langoni tulibaki wawili tu, Alute na mimi, yeye ameegemea magongo.

"Shemeji," alisema, "Yohana amenieleza kwa nini alifukuzwa, na kwa nini ameitwa tena. Alidhani najua."

Nikatazama magongo yake.

"Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu siku ile Lea aliponiambia habari za udongo. Hilo lingekuwa kweli pia. Nimechoka na kweli za namna hiyo.

"Tangu siku ile ile," nikasema. "Kilikuwa kinateleza mkononi."

Alitazama lori, mahali alipokaa mama yake.

"Siku niliyokwambia nimefurahi ni wewe uliyechemsha vyombo. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mama asiambiwe," alisema. "Hata siku moja. Yeye alikuwa ananipenda. Na wewe ni mume wa dada yangu, sitakusema vibaya kwa mtu. Lakini kwangu usije, Ezekieli. Kwenye mavuno usije, na nikifa usije."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu nimwoe dada yake.

Dereva akapiga honi. Lea alikuwa bado mbali, na ubao wa lori uko juu, mtu wa magongo haupandi peke yake. Alute akangoja kidogo, akaangaza huku na huku kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Akaniwekea mkono shingoni bila kunitazama, nami nikambeba kama mtoto, nikampandisha. Nilikuwa nimejikaza kwa uzito wa mtu mzima, nikataka kuanguka, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.